Jua la Dodoma na maji ya Mtera: jinsi kituo cha umeme wa jua kinavyofanya kazi

Juzi, kipindi cha jioni kikikaribia mwisho, simu iliingia studio kwetu hapa Ipagala. Alikuwa mzee mmoja wa upande wa Mvumi. Baada ya shikamoo na mbukwa hakuomba wimbo wala hakutuma salamu. Aliuliza swali.

"Mwanangu," alisema, "mimi hili jua nimelizoea tangu nazaliwa. Limenikaushia mahindi shambani, limenikaushia na kisima. Kila mwaka wa ukame mnatutangazia umeme umepungua kwa sababu mvua haikunyesha. Sasa hili jua lenyewe, linalotuchoma kutwa nzima, halina kazi?"

Zilikuwa zimebaki dakika mbili kabla ya taarifa ya habari. Nilimjibu kwa ufupi kwamba lina kazi, tena kubwa, na nikamwahidi kuyaandika maelezo yake kwa utulivu. Makala haya ni ahadi ile. Nimeyaandika ili wewe msikilizaji wa Mvumi, Mpwapwa, Bahi, Kongwa au Chemba uyasome kwenye simu yako, na ukipenda umsomee jirani.

Kwanza, umeme wetu unatoka wapi?

Umeme mwingi unaopita kwenye nguzo zetu hutokana na kitu kinachozunguka. Kuna mtambo wenye sumaku na nyaya za shaba. Ukizungushwa kwa kasi, umeme unatoka. Ni kama dainamo ya baiskeli: ukikanyaga pedali taa inawaka, ukiacha taa inazima. Tofauti iko kwenye kinachozungusha.

Kwenye jenereta ni mafuta ya dizeli yanayoungua. Kule Ubungo na Kinyerezi, Dar es Salaam, ni gesi asilia inayochomwa. Na kwenye mabwawa ni maji yanayoshuka kwa nguvu na kuisukuma mitambo.

Sisi wa Dodoma bwawa letu la jirani ni Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Kituo chake kina uwezo wa megawati 80. Maji yakishatoka Mtera hayajamaliza kazi. Yanateremka hadi Kidatu mkoani Morogoro, ambako kuna kituo cha megawati 204. Yakitoka huko yanakwenda kuungana na Mto Rufiji, na kwenye Rufiji ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo tone moja la maji lililotunzwa Mtera linaweza kuzungusha mitambo mara tatu kabla ya kufika baharini. Ushike huo ukweli, tutaurudia.

Shida ya maji unaijua. Mwaka 2006 ukame ulishusha kina cha Mtera chini ya kiwango kinachoruhusiwa kuendeshea mitambo, na nchi ikaingia kwenye mgao mkali. Mwishoni mwa mwaka 2022 mito ilipopungua tukarudi tena kwenye mgao. Wenye mashine za kusaga, wenye saluni, mafundi wa kuchomelea na wauza samaki wa friji wanakumbuka.

Kwa hiyo swali la yule mzee ni la haki kabisa. Tuko kwenye nchi ambayo, kwa takwimu za serikali, hupata saa 2,800 hadi 3,500 za jua kwa mwaka. Dodoma mvua yenyewe ni ya msimu mmoja, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi hadi wa nne. Miezi inayobaki ni jua.

Paneli inafanyaje mwanga kuwa umeme?

Kituo cha umeme wa jua ni shamba la paneli. Paneli hizo ni ndugu wa ile iliyo juu ya bati la jirani yako, ila ni kubwa zaidi na ni nyingi mno. Ndani ya paneli hakuna kinachozunguka. Hakuna sumaku, hakuna mafuta, hakuna sauti. Ukisimama katikati ya paneli hizo adhuhuri utasikia upepo tu, na pengine feni za mashine zikipoza.

Kila paneli imeundwa kwa vipande vya rangi ya buluu iliyokoza au nyeusi. Vipande hivyo huitwa seli. Seli hutengenezwa kwa silikoni, ambayo asili yake ni mawe na mchanga wa kwatzi uliosafishwa kwa moto mkali sana.

Kuelewa kinachotokea ndani ya seli, fikiria siku ya kupura uwele. Masuke yametandazwa uwanjani. Punje zimeshikwa na makapi yake, hazitoki zenyewe. Watu wanapiga kwa fimbo, na kila pigo linazirusha punje chache nje.

Ndani ya silikoni kuna chembe ndogo sana ziitwazo elektroni. Zimeshikwa na silikoni kama punje zilivyoshikwa na suke. Mwanga wa jua unapoipiga seli, unafanya kazi ya ile fimbo: unazibandua elektroni na kuziacha huru.

Lakini punje zikirukaruka ovyo uwanja mzima hujapata kitu. Lazima ziende upande mmoja zikusanywe. Ndiyo maana seli hutengenezwa kwa tabaka mbili. Tabaka moja limechanganywa na kiasi kidogo cha fosforasi ili liwe na elektroni za ziada, na jingine limechanganywa na boroni ili liwe na upungufu wa elektroni. Pale tabaka hizo zinapokutana panatokea kitu kama mteremko. Elektroni iliyobanduliwa na mwanga inateremka kuelekea upande mmoja tu, haiwezi kurudi ilikotoka. Juu ya seli kuna nyuzi nyembamba za madini, zile mistari unayoiona ukiitazama paneli kwa karibu. Zinazipokea elektroni hizo na kuziingiza kwenye waya. Elektroni zikitembea kwenye waya, huo ndio umeme.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1839 kijana wa Kifaransa, Edmond Becquerel, aliona kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme. Mwaka 1954 wataalamu wa Maabara za Bell nchini Marekani walionyesha seli ya silikoni iliyoweza kugeuza kiasi cha asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli za kawaida zinazouzwa leo hugeuza asilimia 20 au zaidi kidogo. Adhuhuri, jua linapokuwa la utosi, eneo la mita moja ya mraba hupokea nguvu ya kama wati 1,000. Kwa hiyo paneli ya ukubwa huo itakupa kama wati 200.

Kutoka kwenye paneli hadi kwenye soketi yako

Seli moja hutoa msukumo mdogo sana, kama nusu volti, ambao hauwashi hata taa ya tochi. Kwa hiyo seli huunganishwa nyingi ndani ya paneli moja, na paneli huunganishwa moja baada ya nyingine kama ng'ombe waliofungwa kamba moja, mpaka msukumo ufikie volti 1,000 na zaidi.

Umeme unaotoka kwenye paneli ni wa mkondo mnyoofu, yaani unakwenda upande mmoja tu, kama wa betri ya redio. Gridi ya Taifa haitumii umeme wa namna hiyo. Inatumia mkondo geu, unaokwenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Kwa hiyo kati ya paneli na gridi huwekwa mashine iitwayo inveta. Kazi yake ni kuugeuza ule umeme mnyoofu uwe mkondo geu, na kuulinganisha na mapigo ya gridi bila kupishana hata kidogo.

Kutoka kwenye inveta umeme unaingia kwenye transfoma. Hapo volti inapandishwa. Umeme wa volti ndogo ukisafirishwa mbali hupotea njiani kwa kuzipasha nyaya moto. Ukipandishwa volti, kiasi kile kile kinasafiri na hasara inapungua sana. Ndiyo sababu ya zile nguzo ndefu za chuma unazoziona zikikatiza mbuga. Ukifika kwenye kituo cha kupozea umeme, kama kile cha Zuzu hapa Dodoma, volti inaanza kushushwa hatua kwa hatua, mpaka ile transfoma ya kijijini kwako inaposhusha kwa mara ya mwisho na kukuletea volti 230 kwenye soketi.

Mfano wa Kishapu na wa Garissa

Tanzania kituo kikubwa cha jua cha kuunganishwa na gridi kinachozungumzwa ni cha Kishapu, mkoani Shinyanga. Mwaka 2023 TANESCO ilisaini mkataba wa ujenzi wake na kampuni ya Sinohydro ya China, kwa mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mradi mzima ni wa megawati 150, na awamu ya kwanza ni megawati 50.

Sisi wa Dodoma tusiseme Shinyanga ni mbali. Ipo njia kuu ya umeme mkubwa inayotoka Iringa, inapita Dodoma na Singida, na kufika Shinyanga, urefu wa kilomita 670. Umeme ukishaingia kwenye njia hiyo ni wa wote walio kwenye gridi.

Kwa majirani zetu, Uganda ilizindua kituo cha megawati 10 huko Soroti mwaka 2016. Kenya ilizindua kituo cha Garissa mwaka 2019. Garissa ni nchi ya jua na wafugaji, ukifika utadhani uko Bahi. Kituo chake kina uwezo wa kama megawati 50, kimetandazwa kwenye hekta 85, yaani kama ekari 210, na kina paneli zaidi ya 200,000 za wati 265 kila moja. Siku hizi paneli za wati 550 zimeenea, kwa hiyo kituo cha uwezo huo kingehitaji paneli kama 90,000 tu.

Sasa tupige hesabu. Megawati 50 ni uwezo wa kituo jua likiwa kali. Asubuhi na jioni kinatoa kidogo, mawingu yakipita kinapungua. Ukijumlisha siku nzima, kwa nchi yenye jua kama letu, ni kama kimefanya kazi kwa nguvu zote kwa saa tano hivi. Megawati 50 kwa saa 5 ni uniti 250,000 kwa siku, uniti zile zile unazonunua za LUKU. Mtumiaji mdogo wa kundi la D1 hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, yaani uniti mbili na nusu kwa siku. Kwa hiyo uniti 250,000 zinatosha kaya 100,000 za namna hiyo kwa siku moja.

Je, jua kali zaidi ni umeme zaidi?

Wengi wanadhani paneli inapenda joto. Hapana, inapenda mwanga, na joto inalichukia. Paneli hupimwa uwezo wake ikiwa na nyuzi joto 25. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo huipunguzia kama asilimia 3 hadi 4 ya nguvu. Adhuhuri paneli yenyewe inaweza kufikia nyuzi 60. Kwa hiyo mahali penye mwanga mkali na upepo wa kupooza ni pazuri kuliko mahali penye joto la kufukuta. Nyanda zetu za kati ziko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa mwezi wa sita na wa saba kila mtu anaujua. Hiyo ni faida.

Hasara yetu ni vumbi. Paneli iliyofunikwa na vumbi ni kama dirisha lililofungwa pazia. Kituo lazima kiwe na utaratibu wa kusafisha, kwa brashi kavu au kwa maji, na sehemu yenye shida ya maji jambo hili lipangwe mapema ili watu wasigombanie kisima na kituo.

Vipo pia vituo vya aina nyingine, ambavyo kweli vinatumia joto. Kule Ouarzazate, nchini Moroko, kituo kilichozinduliwa mwaka 2016 hutumia vioo vilivyopinda kukusanya miali ya jua mahali pamoja. Joto lake linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, na sehemu ya joto inahifadhiwa kwenye chumvi iliyoyeyushwa ili umeme uendelee kwa saa kadhaa baada ya jua kuzama. Lakini vituo vya Kishapu, Garissa na Soroti ni vya paneli.

Kwa nini tunauita umeme safi?

Kwa sababu wakati unazalishwa hakuna kinachochomwa. Hapa studio tuna jenereta kwa ajili ya dharura. Likiwashwa, ukipita nyuma ya jengo utanusa moshi na utaondoka na kelele masikioni. Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi uliwashiwa taa na majenereta ya dizeli kabla ya kuungwa kwenye Gridi ya Taifa. Kila lita ilisafirishwa hadi huko, ikachomwa, na moshi ukaenda angani. Moshi huo una hewa ukaa inayochangia kuongeza joto la dunia, na una masizi yanayoumiza mapafu.

Gesi yetu ya Songo Songo na Mtwara inaungua vizuri kuliko dizeli, lakini nayo inatoa hewa ukaa. Paneli haitoi. Na tofauti na mtambo wa mvuke, haihitaji maji ya kupozea.

Lakini safi haina maana ya kutokuwa na doa. Kutengeneza paneli kunahitaji nishati nyingi viwandani, na viwanda vingi bado vinatumia makaa ya mawe. Deni hilo paneli hulilipa kwa umeme wake ndani ya miaka michache, kisha inaendelea kuzalisha hadi kufikisha miaka 25 au 30. Baada ya hapo inakuwa taka ya kioo, alumini na madini, na lazima iwe na mahali pa kupelekwa. Betri nazo, hasa zile za risasi, ni sumu zikitupwa ovyo. Ukiwa na betri mbovu ya sola nyumbani usiipasue wala usimwage maji yake karibu na kisima.

Na usiku je?

Hapa ndipo watu wengi hulikataa jua. "Usiku linazama, ndipo mimi nahitaji taa." Ni kweli. Matumizi yetu hupanda sana kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, taa, televisheni na majiko vikiwa vimewashwa, na saa hizo paneli zimelala.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni betri kubwa. Zipo, bei yake inashuka, lakini bado ni gharama. Njia ya pili tunayo tayari, nayo ni mabwawa yetu.

Bwawa ni ghala. Kwenye ghala la mtama, usipokula leo unakula kesho. Mchana, kituo cha jua kinapolisha gridi, wasimamizi wa gridi wanaweza kupunguza mitambo ya maji kwa kiasi kile kile. Maji yanabaki bwawani. Jua likizama, milango inafunguliwa na maji yale yanazungusha mitambo wakati watu wanayahitaji.

Turudi kwenye hesabu yetu ya uniti 250,000. Mtera ikizungusha mitambo yake yote kwa nguvu zote, megawati 80, inahitaji kidogo zaidi ya saa tatu kuzalisha kiasi hicho. Kwa hiyo kituo kimoja cha megawati 50, kwa siku moja ya jua, kinaweza kuipumzisha Mtera saa tatu. Ni kweli kwamba bwawa lile ni pana, na jua litakunywa sehemu ya maji hayo kabla hayajatumika. Lakini mengi yatabaki, na kumbuka tuliyoyasema mwanzo: yakitoka Mtera yanakwenda Kidatu, na yakitoka Kidatu yanakwenda Rufiji. Akiba haiozi.

Na tazama kalenda. Mtera inaanza kupungua mvua zikishakatika, na inazidi kushuka mpaka mwezi wa kumi na kumi na moja, kabla mvua mpya hazijafika. Miezi hiyo hiyo ndiyo anga letu halina wingu. Mwaka wa ukame, maji yanapokosekana kabisa, jua linakuwepo kuliko kawaida. Vinapokezana: kimoja kikichoka kingine kina nguvu. Mwaka 2006 hatukuwa na kituo chochote kikubwa cha jua cha kupokea zamu.

Wapo wanaouliza: sasa tuna Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, jua la nini tena? Jibu ni kwamba bwawa kubwa nalo linakunywa mvua ile ile. Kadiri tunavyotegemea maji zaidi, ndivyo mwaka mbaya wa mvua unavyotuumiza zaidi. Usiweke mayai yako yote kwa kuku mmoja wa kuatamia, akifa je?

Maswali mnayotuma mara kwa mara

*Paneli nyingi zinafukuza mvua?* Hapana. Mvua yetu huletwa na pepo zinazobeba unyevu kutoka baharini na kutoka magharibi, umbali mrefu sana. Paneli zilizo kwenye ekari 200 haziwezi kuzizuia. Wala hazinyonyi jua la shamba la jirani. Zinachukua mwanga ule tu unaoziangukia, kama bati la nyumba yako linavyopokea ule unaoliangukia. Kinachochangia kuharibu udongo wetu ni kukata miti kwa mkaa.

*Nikiwa na paneli yangu nyumbani, nahitaji gridi ya nini?* Paneli ndogo na betri vinatosha taa, simu na redio, na kwa kitongoji kilicho mbali na nguzo ni ukombozi. Lakini mashine ya kusaga, pampu ya maji ya kijiji, friji ya chanjo kwenye zahanati na karakana ya kuchomelea vinahitaji nguvu kubwa na ya uhakika, usiku na mchana. Hilo gridi inalifanya kwa bei nafuu zaidi. Vyote viwili vina nafasi yake.

*Wakija kijijini kwetu kutafuta eneo, tufanyeje?* Hili ndilo swali zito, maana kituo cha jua kinakula ardhi. Ekari 200 zinaweza kuwa malisho ya ng'ombe wa vitongoji vitatu. Msikimbilie kukubali wala kukataa. Kwanza, jambo hilo lijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lisiishie ofisini kwa watu wawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano huo sauti. Pili, ulizeni tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo husimamiwa na NEMC, na muulize maji ya kusafishia paneli yatatoka wapi na njia ya mifugo itapita wapi. Tatu, fidia. Haihusu ardhi peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinataja pia mazao, majengo, posho ya usumbufu, usafiri na makazi, na malipo yakicheleweshwa kupita miezi sita, riba inadaiwa. Andikeni muhtasari wa kikao, mbaki na nakala. Nne, ulizeni kama kijiji chenyewe kitaunganishiwa umeme. Ni aibu mtu kulala gizani akitazama uzio wa kituo cha umeme.

Jibu la mzee wetu

Mzee wangu wa Mvumi, jua lako lina kazi. Lile lile linalokausha kisima chako ndilo linaloweza kuyatunzia maji ya Mtera yakae siku nyingi zaidi. Halitamaliza shida zote. Usiku litazama, vumbi litalifunika, na kituo kitahitaji eneo ambalo lazima watu wake walipwe haki yao. Lakini litafanya kazi mwaka ule ambao mvua imekataa, na huo ndio mwaka tunaouogopa sote.

Nimeihifadhi namba yako. Alhamisi jioni nitakupigia tuyasikilize haya pamoja hewani, nawe useme kama nimekujibu au bado. Na wewe unayesoma, kama una swali juu ya paneli, betri au fidia ya ardhi, litume kwa ujumbe mfupi ukitaja kijiji chako. Tutalichukua.